Historia Juu ya Gunia la Unga: Tshibumba Kanda Matulu na Kiswahili Chetu

Utangulizi

Katika jarida letu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii naomba ruhusa yenu nihakiki picha, na mchoraji mwenyewe hakuwahi kuandika kitabu. Sababu ya kufanya hivyo niliipata Nakivale.

Katika muhula mmoja nilifuatana na wanafunzi wetu wa ualimu kwenda kuwaangalia wakifanya mazoezi ya kufundisha. Barabara ya kutoka Mbarara kuelekea Isingiro inapita katikati ya migomba kwa muda mrefu, kisha ardhi inakauka na ziwa linaonekana. Makazi ya Nakivale, ambayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, leo yana watu zaidi ya 100,000, na wengi wao ni Wakongo. Sokoni utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Kinyankore. Hata hivyo, mara nyingi mnunuzi na muuzaji wasiojuana hukutania kwenye Kiswahili. Sisi walimu wa Mbarara, ambao kila siku tunalalamika kuwa wanafunzi wetu hawana mtu wa kuzungumza naye Kiswahili nje ya darasa, tuna kisima karibu na mlango, na hatukichoti.

Siku ile nilikuwa nimebeba nakala ya picha moja ili itumike katika zoezi la kueleza kwa mdomo. Ilikuwa picha ya ua wa gereza wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, na bwana mkubwa Mzungu amesimama pembeni akitazama. Pembeni zaidi wapo wanawake na vyombo vyao. Niliuliza swali la kawaida, "Mnaona nini?" Msichana mmoja kutoka Kongo alisimama akasema: "Ule mama njo anamuletea mufungwa chakula."

Nilifanya kile tulichofundishwa kufanya. Nikamwambia: si "ule mama", sema "yule mama", si "njo", sema "ndiye", si "anamuletea mufungwa", sema "anamletea mfungwa". Akarudia vizuri, akaketi, na hakunyoosha mkono tena mpaka kipindi kikaisha. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo nilipotambua kwamba mtoto yule alikuwa ameniambia jambo ambalo mimi, katika miaka yote ya kuitazama picha ile, sikuwa nimeliona. Nilikuwa nikiwatazama wanaume watatu tu. Yeye alimwona aliyeleta chakula. Nilikuwa nimesahihisha sentensi bila kuisikia.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Yanamhusu mchoraji aliyeiandika historia ya nchi yake kwa rangi, akaieleza kwa Kiswahili cha namna ileile niliyoisahihisha.

Maisha yake

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kusini mwa Kongo katika eneo la Katanga. Ni mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya huko wafanyakazi kutoka pande nyingi: Kasai, Rwanda na Burundi, na nchi ambayo leo ni Zambia. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimekwisha kutia mguu Katanga pamoja na misafara ya biashara, kikawa lugha ya mgodini, ya kambini na ya mtaani. Wazungumzaji wake wa kwanza walikijia ukubwani, lakini watoto wao walizaliwa ndani yake.

Tshibumba aliishi kwa kuchora na kuuza. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akazipitisha picha zake kwa wanunuzi. Wateja wa wachoraji wa mji huo walikuwa watu wa kawaida waliotaka pambo la sebuleni: mandhari ya kijiji, simba, mamba-muntu yule nusu samaki nusu mwanamke, au picha ya gereza niliyoitaja, ambayo ilichorwa na wengi na kujulikana kwa jina la Kifaransa lenye maana ya "koloni la Ubelgiji".

Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Tshibumba alimweleza jambo alilokuwa nalo moyoni siku nyingi: hakutaka kuchora mapambo tu, alitaka kuichora historia yote ya nchi. Kufikia mwisho wa mwaka 1974 alikuwa amechora mfululizo wa picha 101. Kila alipopeleka fungu la picha, waliketi, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili, na mazungumzo yakarekodiwa. Fabian aliyachapisha kwa tafsiri ya Kiingereza pamoja na picha mwaka 1996, na maandishi ya Kiswahili yenyewe, kama yalivyosemwa, yakawekwa kwenye intaneti. Picha zilikwenda Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Mchoraji mwenyewe hakusikika tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fani

Mtu aliyezoea michoro ya vyuo vya sanaa anaweza kuipitia kazi hii upesi na kusema kwamba ni ya mtu asiyesomea. Sura za watu zinafanana, vivuli ni vichache, na rangi zimepakwa bapa. Nadhani hukumu hiyo ina haraka. Tunapohakiki ngano hatumlaumu fanani kwa sababu wahusika wake hawana undani wa wahusika wa riwaya. Tunauliza kama utanzu wake umemruhusu kusema alichotaka kusema. Picha za Tshibumba ziko karibu na simulizi kuliko zilivyo karibu na uchoraji wa darasani.

Ushahidi wa kwanza ni urudiaji. Katika sanaa ya Lubumbashi haikuwa aibu kuchora picha ileile mara nyingi, kama isivyo aibu kwa bibi kusimulia kisa kilekile kila msimu. Kila toleo lina mabadiliko madogo, na mtazamaji anayejua kisa huyatafuta mabadiliko hayo.

Ushahidi wa pili ni maandishi. Tshibumba huandika juu ya picha, kwa herufi kubwa, jina la tukio na mara nyingine tarehe. Maandishi hayo ni ya Kifaransa, na tahajia yake mara nyingi si ya kamusi. Lakini maelezo yake ya mdomo ni ya Kiswahili. Hapa pana jambo la kuwavutia wanaisimujamii. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya ofisi na ya mhuri, kwa hiyo kilifaa kuithibitishia picha uzito wake. Kiswahili kilikuwa lugha ya kusimulia na kubishana. Mtu akiitazama picha bila kusikia masimulizi, anabaki na kichwa cha habari bila habari yenyewe.

Tumlinganishe na Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi hapa kwetu magharibi mwa Uganda, aliyefariki Nairobi mwaka 2018. Ng'ombe wake wa rangi za ndoto hawahitaji tarehe, na ukimpa jirani wa Mbarara picha hiyo ataifurahia kabla hujamweleza lolote. Katarikawe anakualika uote pamoja naye. Tshibumba anakualika ubishane naye. Anasema: jambo hili lilitokea, siku hii, mahali hapa, nawe unasemaje? Wote wawili ni mabingwa, ila anayetumia kipimo cha mmoja kumpimia mwenzake atawapunja wote wawili.

Maudhui

Neno ambalo wachoraji na wateja wa Lubumbashi walilitumia kuzitaja picha za namna hii ni "ukumbusho". Neno hili tunalo katika kamusi zetu, nasi hulitumia zaidi kwa sanamu za mashujaa na sherehe za kila mwaka. Kwao lilikuwa na kazi kubwa zaidi. Picha ya ukumbusho ni ile inayomfanya mtu aliyeketi sebuleni aanze kuwaza, kisha aanze kusema. Mgeni anauliza, mwenye nyumba anajibu, na mtoto aliyelala pembeni anasikia.

Mfululizo wa Tshibumba unaanza na zama za mababu, unawapitia wageni wa mwanzo, unafika kwenye ukoloni, uhuru, kujitenga kwa Katanga na vita vilivyofuata, kisha unaishia kwenye ndoto na wakati ujao. Yumo Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi na kuuawa na Wazungu mwaka 1891. Yumo Simon Kimbangu, aliyekamatwa mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Imo pia picha ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira na kupigwa risasi. Tukio hilo halikuwa na mnara wa kulitangaza, wala mchoraji hakulishuhudia, maana alizaliwa miaka sita baadaye. Alilipata kwa kusimuliwa, naye akalisimulia kwa rangi.

Kilele cha kazi, kwa maoni yangu, ni kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wakati huo Tshibumba alikuwa mvulana wa miaka 13 hivi. Katika picha yake miili mitatu imelala chini, na kwa mbali nyuma inaonekana misalaba mitatu. Mtu yeyote aliyewahi kuingia kanisani anajua kilima hicho ni kipi. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba, inatambaa ardhini na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya "umoja".

Baadhi ya wahakiki wanaweza kuona kwamba ishara hii iko wazi mno, haimwachii mtazamaji kazi. Mimi nauliza ilichorwa lini na wapi. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, kwa hiyo kumchora kulikubalika. Lakini katika masimulizi ya msalaba yumo pia msaliti, wamo waliopiga kelele wakitaka auawe, na yumo aliyenawa mikono. Mchoraji hakuwataja hao kwa majina. Aliweka misalaba, akawaachia watu wa sebuleni wajiulize nani alikuwa nani. Ishara inayoonekana rahisi ndiyo iliyobeba swali la hatari.

Aidha tukumbuke kwamba Lumumba hakuwa na kaburi. Mwili wake uliharibiwa kwa makusudi, na ni jino tu lililorudishwa na Ubelgiji mwezi Juni mwaka 2022. Kwa zaidi ya miaka 60, familia iliyotaka kumkumbuka haikuwa na mahali pa kuweka ua. Picha ukutani ilifanya kazi ya kaburi.

Lugha

Sasa nije kwenye suala linalotuhusu sisi kama Idara. Kiswahili cha Tshibumba kina "ba" pale ambapo sanifu ina "wa", kwa hiyo watoto ni "batoto" na "batoto banacheza". Kina udogoshaji wa "ka" na wingi wake "tu": "katoto", "tutoto". Kinatumia "iko" pale ambapo sisi tuna "ni", "yupo" au "kuna". Kimejaa maneno ya Kifaransa. Kiswahili cha Kivu, wanakotoka wengi wa Wakongo wa Nakivale, kinatofautiana nacho hapa na pale, lakini ni ndugu.

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu anaona makosa. Mwanaisimu anaona mfumo. "Ba" si uzembe wa ulimi. Ni kiambishi cha ngeli kinachopatikana katika lugha nyingi za Kibantu, pamoja na Kinyankore. Mwanafunzi wa Mbarara anayesema "abantu" nyumbani na mwenzake wa Nakivale anayesema "batu" wamekaribiana kuliko kila mmoja wao anavyomkaribia anayesema "watu". Tungeweza kuanzia somo la ngeli hapo, tukawafundisha wote wawili kwa mpigo mmoja. Badala yake, tunaanza kwa kumwambia wa pili kwamba lugha yake ni mbovu.

Tena, si kweli kwamba Kiswahili cha namna hii hakiwezi kubeba fikra nzito. Kabla ya Tshibumba, mwaka 1965, André Yav alikwisha kuandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hicho kwa niaba ya watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Tshibumba naye alijiita mwanahistoria, na katika mazungumzo yake anajadili namna ya kuujua ukweli wa jambo la kale, tofauti ya kusoma na kufikiri, na haki ya mchoraji kuchora asichokishuhudia. Haya ni maswali ya falsafa ya historia, na yanajibiwa kwa "batu" na "iko". Fabian anastahili shukrani kwa kutoyasahihisha. Angeyageuza kuwa sanifu, tungepata maana na kuipoteza sauti.

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wanaotaka sanifu itupwe. Mtihani wa taifa hutungwa kwa sanifu, na mtoto wa mkimbizi anaihitaji kuliko mtu yeyote, maana cheti chaweza kuwa mali pekee anayoweza kuivusha mpakani. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sanifu ni lazima ifundishwe. Swali ni kama inafundishwa juu ya kile ambacho mtoto anacho, au inafundishwa kwa kumnyamazisha kwanza.

Kasoro

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tu. Ninaziona tatu.

Kwanza, katika historia ya Tshibumba wanawake ni wachache, na wanapokuwepo mara nyingi wapo pembeni. Wafalme, wanajeshi na wanasiasa wamejaa katikati ya picha. Hii ni kasoro ya vitabu vyetu vingi vya historia pia, lakini mchoraji aliyewapitia hao kina mama walioleta chakula gerezani angeweza kuwasogeza mbele.

Pili, anaiita nchi "Zaire" hata anapochora mwaka 1960, ilhali jina hilo lilianza kutumika mwaka 1971. Ni kweli kwamba chini ya Mobutu kuita vinginevyo kulikuwa na gharama. Hata hivyo, msomaji wa leo hana budi kuwa macho, kwani picha inayosema ya zamani imevaa nguo za mwaka ilipochorwa. Mwalimu akiitumia bila kueleza hilo atawapotosha wanafunzi.

Tatu, na hii si kasoro ya mchoraji peke yake: mfululizo huu mkubwa uliandaliwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja, msomi wa kigeni, na ukahamia Ulaya. Picha mojamoja zilitundikwa sebuleni Lubumbashi, lakini zile 101 kwa pamoja hazikupata kuuliza maswali mbele ya wale waliochorewa. Bila mnunuzi huyo pengine zisingechorwa kabisa, na mazungumzo yasingehifadhiwa. Tunaweza kushukuru na kusikitika kwa pamoja. Maandishi ya Kiswahili yapo wazi kwa yeyote anayeyataka, na wenye uwezo wa kuyasoma bila mkalimani ni sisi.

Matumizi darasani

Napendekeza kwa wenzangu hatua tatu, ambazo nimekwisha kuzijaribu. Mosi, wanafunzi waitazame picha na kuieleza kwa Kiswahili walichonacho, na mwalimu asimkatize mtu. Pili, mwalimu aandike ubaoni sentensi mbili tatu kama zilivyosemwa, bila kuzigusa. Tatu, darasa zima liandike kando yake namna sanifu inavyosema, kisha wajadili tofauti: kiambishi gani kimebadilika, Kinyankore kinasemaje, Kirundi kinasemaje. Sanifu inapatikana mwishoni, na haijamgharimu mtu ulimi wake.

Zoezi hili lina ugumu wake. Mwalimu ambaye mwenyewe amejifunza Kiswahili ukubwani huogopa wanafunzi wanaokizungumza kwa kasi kuliko yeye, na kalamu nyekundu ni ngao nzuri. Nalisema hili nikijua ninamsema nani.

Hitimisho

Tshibumba Kanda Matulu anastahili nafasi katika kozi zetu za fasihi simulizi na za isimujamii, si kama mapambo ya jalada, bali kama msimulizi aliyeacha matini ndefu ya Kiswahili yenye fani, maudhui na mabishano. Anastahili pia kuhakikiwa kwa ukali, kama tunavyowahakiki waandishi.

Muhula uliofuata nilirudi Nakivale na picha ileile. Msichana yule alikuwa bado yumo darasani. Safari hii niliiandika sentensi yake ubaoni kama alivyoisema, nikamwomba aendelee. Alieleza kwamba mama huyo amesimama mbali kwa sababu askari hatamruhusu kukaribia mpaka viboko viishe, kwa hiyo chakula kitapoa. Mwanafunzi mwingine akabisha, akasema askari atakila yeye. Mabishano yalipamba moto hadi kengele ikalia, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya Kiswahili. Yaliyobaki tuliyaandika kwa sanifu siku iliyofuata.